Sagamoyo Si Mbali na Kwetu

Kabla sijaingia katika kiini cha makala yangu, namshukuru mhariri kwa kunipa nafasi hii. Jambo ninalotaka kulisema nimekaa nalo moyoni tangu muhula wa kwanza, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Lilianzia katika mkutano wa chama chetu cha Kiswahili. Mwalimu mlezi alituletea hoja ya kujadili, kwamba miji ya kubuni katika vitabu vya fasihi haina la kutufunza sisi tunaoishi kwenye mashamba ya chai. Nilikuwa upande wa wapinzani. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne akasimama, akajikohoza kama wakili, akainua atlasi juu ili kila mtu aione. "Sagamoyo haimo humu," akasema. "Anayeiona aje anionyeshe." Watu walicheka, makofi yakapigwa, na upande wetu ukashindwa kwa kura nyingi. Niliondoka pale nimenuna. Sikununa kwa kushindwa, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilinuna kwa sababu nilijua kuwa nilikuwa nimetoka Sagamoyo asubuhi hiyohiyo, na jioni ningerudi kulala hukohuko.

Kwa wale ambao hawajakutana na mji huo, Sagamoyo ndio mji wa tamthilia ya Kigogo iliyoandikwa na Pauline Kea. Kitabu hicho kilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022, kwa hivyo sisi wa sasa hatukisomi darasani. Mimi nilikirithi kutoka kwa dada yangu aliyefanya mtihani mwaka wa 2022. Pambizo za kurasa zake zimejaa kalamu ya risasi: "maudhui", "sifa za Majoka", "dondoo hili hutoka sana". Dada alipata alama nzuri na simlaumu. Lakini mimi nilikisoma bila mtihani, usiku, kando ya meko, na nafikiri ndiyo sababu nilikiona kwa jicho jingine.

Sagamoyo inatawaliwa na Majoka. Majoka amelifunga soko la Chapakazi ambalo ndilo lililowalisha watu wengi wa mji huo. Kisingizio ni uchafu, lakini nia yake ni kupajenga hoteli ya kifahari. Huku watu wakihangaika, yeye anatangaza sherehe za miaka 60 ya uhuru na kutaka achongewe kinyago cha shujaa. Sudi, fundi stadi wa kuchonga, anakataa kazi hiyo. Kenga, mshauri wa Majoka, anawapelekea mafundi keki ya uhuru. Boza anaila. Sudi hataki hata kuionja, kwani anaona ni makombo tu. Tunu, msichana jasiri, anadai soko lifunguliwe, na kwa kosa hilo anapigwa na wahuni mpaka anatembea kwa mkongojo. Wengine nao wako Mangweni kwa Mamapima, wanabugia pombe na kusema mambo yako shwari.

Mimi hata jina la mji lilinifanya nifikiri. Wazee wanasema Bagamoyo ya kule pwani ya Tanzania ni pale mtu alipobwaga moyo. Sagamoyo, nionavyo mimi, ni pale moyo unaposagwa. Na sisi tuliozaliwa karibu na kiwanda cha chai tunajua kitu kinavyosagwa. Jani halisagwi likiwa bichi na gumu. Kwanza hunyaushwa mpaka lilegee, ndipo linapoingizwa kwenye mashine. Watu pia, nadhani, hulegezwa kwanza.

Sasa tuje kwetu. Nyumbani ni Konoin, kaunti ya Bomet, kwenye kituo kidogo kisicho mbali na Mogogosiek. Kina duka la mbolea, vibanda vya mboga, kinyozi, makanisa mawili na stendi ya bodaboda. Mgeni akipita na gari siku ya jua atasema, "Lo! Kijani kibichi hiki, hapa ni peponi." Hata picha za kalenda hupigwa kwetu. Lakini picha ya kalenda haionyeshi kilicho ndani ya sufuria.

Mama yangu alikuwa mchumaji katika shamba kubwa. Alianza kazi hiyo kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa akiamka saa kumi na moja, anavaa buti na aproni ya plastiki, anabeba kikapu mgongoni, na kabla ya jua kuchomoza vidole vyake viko kwenye majani mawili na chipukizi. Kisha mashine zikaja. Mashine moja inayobebwa na watu wawili hufanya kazi ya wachumaji wengi, na mama akawa miongoni mwa waliobaki nyumbani. Siku hizi huchuma kwenye mashamba madogo ya majirani kwa shilingi 10 kwa kilo, na jirani mwenyewe akikosa pesa, mama naye husubiri.

Kisa chenyewe ndicho hiki. Mwezi mmoja kabla ya ule mjadala wetu, mheshimiwa fulani alikuja kituoni kufanya mkutano. Sitamtaja, na kusema kweli hakuna haja, maana huja wengi na wote hufanana. Kulikuwa na spika kubwa, muziki, na vijana waliovalishwa fulana. Akasifu umoja wetu, akasifu chai yetu, akawasifu akina mama. Mkutano ulipoisha akina mama wakapanga foleni, kila mmoja akapewa leso moja na noti ya shilingi 200. Mama alirudi nyumbani anatabasamu. Alikuwa amejifunga ile leso juu ya sweta yake kuukuu, na akaniita niione.

Mimi nilikuwa nimemaliza kusoma Kigogo wiki hiyo. Kichwa changu kilikuwa kimejaa Sudi. Nikasema, "Mama, hiyo ni keki ya Majoka." Akauliza Majoka ni nani. Basi nikaketi pale jikoni, yeye akimenya viazi, nikamsimulia mchezo wote. Nilipofika mahali Sudi anapoikataa keki, nilisimama kabisa, nikainua mkono kama mhubiri. Nilitaka aone aibu kidogo. Najua hilo ni kosa kwa mtoto, lakini huo ndio ukweli.

Mama alimaliza kumenya kiazi alichokuwa nacho mkononi. Kisha akaniuliza swali moja tu, tena kwa sauti ya chini.

"Huyo Sudi, siku hiyo watoto wake walikula nini?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mama akaendelea na viazi vyake. Asubuhi iliyofuata alinipa ile noti ya 200 nipeleke shuleni, kwa kuwa nilikuwa nadaiwa pesa za chakula cha mchana. Niliipeleka. Githeri niliyokula wiki hiyo ilitoka kwenye mkutano wa yule mheshimiwa. Kumbe mla keki hakuwa mama. Alikuwa mimi.

Nilirudi kwenye kitabu kutafuta jibu la swali la mama, na nikalipata mahali ambapo dada hakuwa amepiga mstari wowote. Watoto wa Sudi walikuwa na njaa. Ashua, mke wake, alienda mpaka ofisini kwa Majoka kuomba msaada kwa ajili yao. Huko alikuta fedheha badala ya msaada. Akatiwa kizuizini, na mateso yake yakatumiwa kama ndoano ya kumnasa Sudi akubali kuchonga kinyago. Hata ndoa yao ikatikisika mpaka Ashua akadai talaka. Sisi wasomaji tunapenda kumpigia Sudi makofi. Ashua tunampita haraka. Na mama yangu, ambaye hajawahi kukishika kitabu hicho, alimwona Ashua kabla sijamtaja jina.

Tangu siku hiyo maoni yangu yamekuwa haya: aliyefunga soko ndiye aliyeoka keki. Vitu hivi viwili ni kazi ya mkono mmoja, navyo havitenganishwi. Mtu mwenye kibanda chake sokoni, anayeuza na kupata faida, huwezi kumnunua kwa kipande cha keki. Atakucheka. Lakini mfungie soko, mwache akae na njaa miezi sita, kisha umletee kipande hicho kwa tarumbeta na ngoma. Atapokea na atashukuru. Baadaye wasomi watakuja kuandika kwamba wananchi wana tamaa na wanauza utu wao. Hiyo ni kumpiga aliyeanguka na kumwacha aliyemtega.

Najua mtanijibu, "Lakini wewe, kwetu hakuna soko lililofungwa. Kituo kiko wazi kila siku." Kweli, lango la mabati liko wazi. Lakini soko la mama yangu lilikuwa vidole vyake. Machi 2023 kamati iliyoundwa na serikali ya kaunti jirani ya Kericho kuchunguza jambo hili ilipendekeza asilimia 60 ya chai ya makampuni ivunwe kwa mashine na asilimia 40 kwa mikono. Mjumbe mmoja wa kamati hiyo alisema ajira 30,000 zilipotea Kericho pekee kwa sababu ya mashine katika mwongo mmoja hadi 2019. Hebu fikirieni watu 30,000 wamesimama kwenye uwanja wetu wa michezo. Hawatoshi! Na nyuma ya kila mmoja kuna watoto wanaodaiwa pesa za chakula.

Na lango hilo si la jana. Katika somo la Historia tumejifunza kuwa mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilizihamisha familia za ukoo wa Talai kutoka huku kwetu na kuzipeleka Gwassi, mbali karibu na Ziwa Victoria, huku ardhi nzuri ya Kericho ikiendelea kugeuzwa mashamba makubwa ya chai. Waliofanya uamuzi hawakuwauliza waliohamishwa. Kwa hivyo anayesema Sagamoyo ni ndoto ya mwandishi aende akawaulize wazee.

Ni haki pia niseme upande wa pili. Wenye mashamba husema kuchuma kwa mikono kumekuwa ghali na kwamba bei ya chai mnadani Mombasa haipangwi na wao. Pengine ni kweli. Mashine si shetani. Hata sisi nyumbani tungefurahi kupata mashine ya kukamua maziwa. Ubaya ni kwamba ziliingia shambani mama akaambiwa baadaye. Hakuulizwa, hakufundishwa kazi nyingine, na wala hakupewa nafasi ya kusema hata neno moja. Soko la Chapakazi nalo lilifungwa vivyo hivyo.

Wengine walichagua njia nyingine. Mei 2023 mashine kadhaa za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho wakati wa maandamano. Wapo wenzangu humu shuleni wanaosema hao ndio akina Sudi wa kweli. Hapo siwezi kukubaliana nao. Hasira yao naielewa, kwani ninaila nayo chakula cha jioni kila siku. Lakini moshi ulipopungua, mama zetu hawakurudishiwa vikapu. Tunu hakuchoma chochote. Yeye alidai jambo moja, soko lifunguliwe, akalirudia jambo hilohilo hata baada ya kuvunjwa mguu. Mwishowe umati ulikusanyika kwenye lango la soko badala ya kumfuata Majoka kwenye sherehe zake. Kingi, mkuu wa polisi, aliamrishwa awapige watu risasi akakataa. Hata Kenga alimwacha bwana wake. Majoka alishindwa siku watu walipokosa kuja kwake kwa wingi.

Nisisahau Mangweni, maana hata kwetu Mangweni ipo. Nawaomba akina baba wanisamehe. Mwezi wa Oktoba, bonasi ya chai inapoingia, kituo chetu hugeuka. Mwanamume aliyekuwa akilalamika mwaka mzima kuhusu bei ya kilo unamkuta anaimba barabarani, na ukimuuliza bonasi ilikuwa shilingi ngapi na kwa nini imeshuka, atakwambia, "Achana na siasa, mtoto." Bonasi iliyotafutwa kwa miezi 12 inaisha kwa siku 12. Mlevi hahitaji kufungiwa soko. Amejifungia mwenyewe, na ufunguo ameutupa kwenye chang'aa.

Basi tufanye nini? Sipendi makala yanayolia tangu mwanzo hadi mwisho bila kupendekeza chochote, kwa hivyo nina mapendekezo mawili.

La kwanza linatuhusu sisi wasomaji. Tunapopewa kitabu, tusikimbilie kuorodhesha maudhui kumi na sifa za wahusika kama mtu anayehesabu kilo kwenye mizani. Tujiulize swali la mama: huyu mtu alikula nini siku hiyo? Ukiuliza hivyo utamwona Ashua, utamwona hata Boza kwa huruma kidogo, na hutamtukana jirani yako kwa sababu ya leso.

La pili linahusu chama chetu, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 7 nacho kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ni maneno mazuri mno. Lakini tangazo la mkutano wa bajeti likiletwa kituoni, mara nyingi huwa limeandikwa kwa Kiingereza kigumu, na linabandikwa siku moja kabla. Mama yangu hupita mbele yake akidhani ni la mnada wa ng'ombe. Siku yenyewe wanahudhuria watu wachache, mambo yanapitishwa, halafu tunaambiwa, "Mlishirikishwa."

Mnakumbuka Juni 2024, vijana walipousoma Mswada wa Fedha, wakaufafanua kwa lugha za watu na kuusambaza kwa simu, mpaka Rais akakataa kuutia sahihi? Watu wengi waliumia na wengine kufa siku hizo, na siwezi kulipita jambo hilo kana kwamba lilikuwa sherehe. Lakini tusisahau kwamba kabla mtu yeyote hajatoka barabarani, kuna watu waliokaa chini wakasoma.

Kwa hivyo naomba chama chetu kianze kazi ndogo. Kila tangazo la serikali ya kaunti, la kiwanda au la ushirika linalofika kwenye vituo vyetu, tulichukue, tulitafsiri kwa Kiswahili chepesi, tuliandike kwa kalamu nene, tulibandike penye kituo cha kununulia majani, pale ambapo wakulima na wachumaji husubiri gari. Hatuhitaji pesa za mheshimiwa. Tunahitaji karatasi, gundi na kamusi, na hivi vyote vimo kabatini mwa chama. Sisi ni shule ya kutwa. Kila jioni tunarudi nyumbani kwenye vijiji zaidi ya kumi. Wenzetu wa shule za bweni hawana bahati hiyo.

Huenda mtu akacheka, kama walivyocheka siku ya atlasi, aseme tangazo la karatasi haliwezi kulifungua soko. Pengine haliwezi. Lakini mama akijua siku, saa na jambo litakalojadiliwa, ataenda akiwa na swali lake, na nimeshawaambia maswali ya mama yangu yalivyo. Mimi lilinishinda moja. Ningependa kuona mheshimiwa atakavyojibu matatu.

Ile leso bado anaivaa. Nimeacha kuisema vibaya, kwa sababu inamkinga baridi ya asubuhi anapoenda kuchuma. Ila juzi nilimsikia akimwambia jirani, "Hawa watu wakija tena, leso nitachukua, lakini nitauliza." Nilikuwa nafua nje ya nyumba. Nikafurahi peke yangu.

Naomba nikomee hapo kwa sababu ya uhaba wa nafasi. Mwenye maoni tofauti aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa moyo mkunjufu. Ila asije tena na atlasi.



Mwanachama, Kidato cha Tatu